Maneno ya Kungoja Yaliyoandikwa kwa Maji

Juzi Jumamosi tulikuwa kituo cha basi pale Kings Heath, mimi na binti yangu, tunamngoja mama yangu. Kila Jumamosi hutoka kwake Erdington, akabadilisha basi mjini, akaja kushinda kwetu. Kila Jumamosi husema nisimfuate kituoni, njia anaijua, nami humfuata. Mvua ilikuwa imekatika muda ule ule. Barabara kuu ilijaa watu na mikoba yao, muuza matunda anaita mbele ya meza zake, na ubao wa kituo ulikuwa ukitangaza kwamba basi linakuja, kisha ukifuta maneno yake, kisha ukitangaza tena.

Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata kile ninachokisema chini chini nikidhani hasikii, lakini kujibu hujibu kwa lugha ya shuleni.

"How long?" akaniuliza.

"Bado kidogo."

"You always say bado kidogo."

Nikachovya ncha ya mwavuli kwenye dimbwi lililokuwa ukingoni mwa njia, nikaanza kuchora juu ya saruji kavu chini ya paa la kituo. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipomaliza, zikawa alama nne kwenye safu, zimepinda kidogo lakini zimesimama. Binti yangu akainama kuziangalia. Nikamwambia hilo ni neno la kungoja. Akauliza kama ni Kiarabu. Nikamwambia ni Kichina, tena Kichina cha zamani, cha vitabuni, na kwamba nilifundishwa na jirani yetu wa Erdington nilipokuwa na umri kama wake. Akanitazama vile watoto wanavyotutazama wanapogundua kwamba tuliwahi kuishi kabla yao.

Basi lilikuwa halijaja, kwa hiyo nikaanza kumsimulia. Hadithi ikakatika njiani, utaona kwa nini. Wewe keti nikumalizie.

Nyumba yetu ya Erdington ilikuwa moja katika safu ndefu ya nyumba za matofali mekundu zilizoegemeana, kila moja na kiwanja kidogo nyuma, na mbele kijinjia cha mawe bapa ya saruji kutoka langoni hadi mlangoni. Tulikaa watatu: Baba, Bibi mzaa baba, na mimi. Mama alikuwa Unguja. Baba alitangulia kuja, akatufuatisha mimi na Bibi, na karatasi za Mama zikakwama. Usiniulize zilikwama wapi, maana hata Baba aliyekuwa akizihangaikia hakuwahi kulieleza jambo lile likaeleweka. Nilichoambiwa mimi ni kwamba Mama anakuja, na kwamba ni bado kidogo.

Nilikuwa na hofu moja ambayo sikumwambia mtu. Sura ya Mama ilikuwa inanitoka. Picha tulikuwa nayo, ipo juu ya televisheni, lakini ile ilikuwa ya harusi. Alikuwa amepambwa, nyusi zimechorwa, macho yametazama chini, na hakuwa na lolote la yule mwanamke aliyekuwa akinisuka nywele huku amebana kitana kwa meno. Kwenye simu sauti yake ilikuja na mwangwi, kila neno mara mbili, na sote tulikuwa tunapiga kelele kama watu wanaoitana ng'ambo ya bonde. Nikawa naogopa kwamba siku akija sitamjua, naye hatanijua, tutasimama mlangoni kama watu wawili waliokosea nyumba.

Basi jirani wetu wa mkono wa kushoto alikuwa mama wa Kichina, mtu mzima, mwembamba, nywele fupi zenye mvi. Alikuja kukaa na mwanawe, na mwanawe alikuwa mtu wa safari za kazi, kwa hiyo alishinda peke yake. Huko kwao alisomesha fasihi mpaka akastaafu. Sisi tukamwita Mwalimu, naye akaitika.

Kila asubuhi isiyo na mvua, na kama unaijua Birmingham unajua hizo hazikuwa nyingi, Mwalimu alitoka uwanjani kwake na ndoo ya maji na mpini wa fagio. Kwenye ncha ya mpini alikuwa amefunga kipande cha sponji la kuogea, amekikata kwa mkasi mpaka kikachongoka. Alikuwa akichovya na kuandika juu ya mawe ya uwanja, mstari baada ya mstari, mwili wote ukienda na mkono. Akifika mwisho, mwanzo umeshakauka, naye anarudi kuanza upya.

Bibi alimwona kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la jikoni, akaacha maziwa yakafurika.

"Yule anafanya mambo yule," akaniambia.

Kwa Bibi, mtu mzima anayemwaga maji asubuhi kwa mpangilio, huku midomo inamcheza, alikuwa na sababu moja tu ya kufanya hivyo. Akanikataza kuusogelea ua wa mbao uliotutenga. Yeye mwenyewe, kabla ya kutoka kuanika nguo, alikuwa akisoma na kupuliza upande ule.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani, na hapo Bibi akabanwa na mila yake mwenyewe, kwa sababu kwetu futari haipikwi ikaliwa na wenye nyumba peke yao. Lazima sahani iende kwa jirani. Alizunguka jikoni akinung'unika, akapanga vitumbua, akaongeza tambi za sukari pembeni, akafunika kwa kawa aliyokuja nayo kutoka nyumbani. "Hata akiwa mchawi," akasema, "mchawi naye ana njaa." Nikatumwa. Niliiweka sahani mikononi mwa Mwalimu nikakimbia bila kungoja asante.

Kesho yake akabisha hodi. Sahani yetu ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa, na juu yake machungwa yamepangwa kwa ustadi, la juu kabisa bado lina jani lake. Bibi akaipokea, akaitazama, akamtazama mwenyewe, na habari za uchawi zikaishia pale. Mtu asiyerudisha sahani tupu, Bibi hakuwa na shaka naye tena.

Kuanzia hapo ikawa hakuna ua. Sahani zikawa zinapita juu yake, kachori zikienda, maandazi madogo ya mvuke yenye mboga tupu yakirudi, maana Mwalimu alikuwa ameuliza mapema tunakula nini na hatuli nini. Alitukaribisha chai, ya majani tu, bila maziwa wala sukari. Bibi akawa anakwenda na sukari yake imefungwa kwenye pembe ya kanga, akigeuza uso kidogo anapoitia, na Mwalimu naye akigeuza wake ili asione. Kiingereza cha Mwalimu kilikuwa cha taratibu, cha mtu aliyejifunza kwa kusoma. Bibi alijua "hello", "thank you" na "too much", na hilo la mwisho alilitumia kwa bei na kwa baridi vilevile. Mkalimani nilikuwa mimi, na nakiri kwamba kila mmoja alipewa tafsiri tamu kidogo kuliko aliyostahili.

Maneno yalianza hivi. Kila siku, wakati wa mtu wa posta, nilikuwa na tabia ya kupanda kwenye sanduku la nguo chini ya dirisha la juu, nikasimama kwa vidole, nikanyoosha shingo. Nilikuwa naamini karatasi za Mama zitaletwa na yule mtu mwenye kaptula. Mwalimu aliniona akitoka dukani. Kesho yake akaniita uwanjani, akaandika alama nne kwa maji, akanionyesha moja moja kwa ncha ya mpini. Kunyoosha shingo. Kuinua visigino. Akasema hivyo ndivyo waandishi wa kwao wa zamani walivyoandika kungoja.

"Ni wewe huyu," akaniambia.

Siwezi kukueleza nilivyofurahi. Kumbe watu walioishi zamani sana, mbali vile, walipanda juu ya vitu wakachungulia kama mimi, na mtu akawaona akawaandika.

Nikamwomba lingine. Akaniambia lugha yake inayo maneno ya kungoja mengi kuliko siku za jua za Erdington, na hapo hakuwa mwongo. Basi kila siku kavu ikawa na neno lake. Lipo la siku moja kuwa ndefu kama mapukutiko matatu ya majani, na nilipomtafsiria Bibi akasema hilo hata mie ningelitunga. Lipo la macho kutazama mpaka yatoboke, na macho yenyewe hayaitwi macho, huitwa maji ya majira ya kupukutika, kwa kuwa wakati ule wa mwaka maji ya mito huwa safi. Lipo la wanafunzi waliomkuta mwalimu wao amesinzia, wakakataa kumwamsha, wakasimama nje mpaka theluji ikawafika miguuni. Hilo Bibi alilipenda mno, akanitaka nilikariri, na kila niliposhindwa kutulia chuoni kwenye masomo ya Kurani alinikumbusha theluji.

Mengine hakuyapenda. Mwalimu alipotueleza mkulima aliyeona sungura akijigonga kwenye kisiki na kufa, akaacha jembe akakaa pale kumngoja sungura wa pili, Bibi alisema huyo hangoji, huyo ni mvivu, watu wa kwao wasimpe sifa. Alipotueleza mwanamke aliyepanda mlimani kumtazamia mumewe mpaka akageuka jiwe, Bibi aliweka kikombe chini.

"Muulize, na wanawe huku nyuma nani aliwapikia?"

Nikatafsiri. Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ukuta, akasema miaka yote aliyosomesha neno hilo hakuna mwanafunzi aliyemuuliza.

Hata Baba alipata lake. Alikuwa anafanya kazi bohari la treni kule Tyseley, zamu ya alfajiri, na kwa kuogopa kuchelewa alilala kwenye kochi na nguo zake za kazi, koti la kung'aa amelikunja chini ya kichwa. Mwalimu akaandika neno la askari anayelalia mkuki wake kungoja kupambazuke. Kwa miezi baada ya hapo, Baba alipoanza kukoroma, Bibi alinong'ona, "Mwache, kalalia mkuki."

Lakini neno lililomfunga Mwalimu kwetu moja kwa moja lilikuwa la Bibi mwenyewe. Kila Ijumaa Bibi alitandua kitanda cha Mama, ambacho hakijalaliwa na mtu, akabadilisha shuka, akafagia chini yake, akafukiza udi. Kwanza alipanda kiti akakivika king'ora cha moshi kofia ya plastiki ya kuogea, maana siku ya kwanza kilipiga kelele mpaka jirani wa kulia akatoka na taulo. Chumba kikanukia kama kwetu. Mwalimu alipopita ngazini akaona kitanda kile kimetandikwa vizuri, mito miwili, akauliza cha nani. Nikamwambia. Akashuka, akatoka hadi kwenye njia yetu ya mbele, akaandika: kufagia kitanda, na kungoja. Akaeleza kwamba hivyo ndivyo wanavyosema juu ya mtu anayemngoja mgeni kwa heshima yote.

Bibi aliyasimamia yale maji mpaka yakakauka.

"Kumbe na wao wanajua," akasema. Tangu siku ile akawa anamwita shoga yangu.

Sasa nije kwenye siku iliyoniuma. Ilifika habari kwamba karatasi za Mama zimerudishwa tena. Baba alikaa ngazini na koti lake hajalivua. Bibi alikaanga vitunguu ingawa hapakuwa na kitu cha kupika. Mimi nilitoka nyuma nikamkuta Mwalimu na ndoo yake, nikamuuliza kama lipo neno la mtoto anayemngoja mama.

Akafikiri muda mrefu, amesimamia mpini. Kisha akaandika alama nne, akaniambia hadithi yake. Mama mmoja alimwambia mwanawe: ukitoka asubuhi ukachelewa kurudi, mimi huegemea mlango wa nyumba nikakutazamia, na ukitoka jioni usirudi, huegemea lango la mtaa. Kuegemea mlango, kuegemea lango. *Yi men, yi lü.*

"Hilo la mama," nikasema. "La mtoto?"

Alinijibu kwa upole kwamba huenda lipo, lakini yeye halijui. Maneno ya kwao yamejaa mama wanaongoja watoto, wake wanaongoja waume, wanafunzi, askari, wenye nyumba. Mtoto hakumkumbuka. Nikalia, kwa kweli nililia kwa sauti, kama vile karatasi za Mama zilikuwa zimerudishwa na Mwalimu. Hata huko kwenye maneno mengi vile, hapakuwa na nafasi yangu.

Bibi akatoka mikono inanuka vitunguu. Mwalimu akaliandika neno upya, akanionyesha kwa ncha ya sponji. Kuegemea kupo, akasema, mlango upo. Mtu hakuandikwa. Anayeegemea ndiye mwenye neno.

Mimi sikufarijika, nilikuwa mdogo na nilitaka langu peke yangu. Nikamtafsiria Bibi kwa kwikwi. Bibi akanifuta uso na upindo wa kanga.

"Basi na mama yako kule," akasema, "kaegemea mlango wake."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Mpaka siku ile nilidhani kungoja ni kazi yangu mimi, na Mama ni mtu anayechelewa. Sikuwahi kufikiri kwamba kule Kikwajuni, mtaani kwetu Unguja, kuna mlango, nao nilikuwa naukumbuka vizuri, mlango wa kijani uliobanduka rangi chini, na kwamba Mama anausimamia akituwaza. Nikaacha kulia. Usiku ule, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, nilimwona Mama akilini bila kuitazama picha. Sura yake haikuwa wazi, lakini mkono niliuona, umeshika fremu ya mlango.

Karatasi zilipita, baadaye, kimya kimya, baada ya sisi kuzoea kukataliwa. Nyumba ilipinduka. Bibi alifua mapazia. Rafiki yake Baba wa kazini, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, akajitolea gari lake la kwenda uwanja wa ndege wa London. Nami nikatoa gauni langu la Idi, nikalikunja, nikaliweka chini ya mto, tayari kwa safari.

Ndipo Bibi alipotoa hukumu yake. Nyumba haiachwi tupu siku ya kupokea mtu. Anayekuja akute moto jikoni, na mlango afunguliwe kutoka ndani, tena afunguliwe na damu yake. Bibi atapika. Mlango nitafungua mimi. Baba akajaribu kunitetea, akamwambia Bibi, mama yangu, mtoto kangoja miaka, mwache aende. Bibi akamjibu kwamba ndiyo maana yeye ndiye wa kuufungua.

Asubuhi ya siku yenyewe gari likawa mbele ya nyumba, injini inanguruma.

"Twende, ndugu, motorway ikijaa tuta-late," Singasinga akasema kupitia dirishani, kisha akaniona nimesimama langoni na gauni la Idi. "Na huyu kifaranga haendi?"

"Huyu ndiye mlango," Bibi akajibu kutoka ndani.

Wakaondoka. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Fikiria: mimi niliyengoja kuliko wote ndiye niliyebakishwa kungoja zaidi. Nikaketi kizingitini nikaapa kimoyomoyo kwamba pilau ile sitaigusa.

Siku ilikuwa kavu, ina upepo na jua, siku ya nadra. Mlango wa jirani ukafunguka. Mwalimu akatoka na ndoo na mpini, akavitua mbele yangu, akaenda kuketi juu ya kiukuta chetu cha mbele na mfuko wake wa mbegu za tikiti. Nikamtazama. Akaanza kumenya mbegu.

Nikavua viatu, maana vilikuwa vinaharibu mistari, nikaandika neno la kuegemea mlango. Niliandika kwa alama kubwa, moja karibu na lango, moja moja zikija juu mpaka mlangoni. Jua na upepo vikalila. Nikaandika tena. Likakauka tena. Ikawa mchezo, kisha ikawa zaidi ya mchezo: nikajiwekea kwamba Mama akifika lazima alikute bichi. Mwalimu alisema mara moja moja, "Bega, si kifundo," na mara moja akasema, "Hilo zuri," nami nikasikitika lilipokauka. Harufu ya pilau ikatoka, ikafuatiwa na ya udi, na king'ora kikalia kidogo kabla ya kuvikwa kofia. Bibi akachungulia. "Mwaga upendavyo," akasema, "ila maji yasiingie kwenye zulia langu."

Nilijaza ndoo tena na tena. Hasira zilikwisha bila mimi kujua zilikwisha saa ngapi. Ukiniuliza leo siku gani ya utoto wangu ningependa kuirudia, nitakwambia ni ile, na sisemi ile sehemu ya mwisho tu. Nasema na saa zile za maji, miguu baridi, jua mgongoni, mbegu zikipasuka kwenye meno ya Mwalimu na Bibi akiimba ovyo jikoni. Nilikuwa nangoja, na nilikuwa na raha.

Gari lilipokata kona nilikuwa kwenye alama ya mwisho, karibu na mlango. Nikasimama na mpini mkononi. Mwanamke akashuka, buibui chini, koti kubwa la Baba juu, mwembamba kuliko nilivyotarajia. Akaja mpaka langoni akasimama. Sikumjua. Nakwambia kweli, nilimtazama usoni nikatafuta, nikakosa. Na yeye alikuwa akinitazama mimi, nimerefuka, meno ya mbele mapya, nimeshika fimbo yenye sponji, na niliona kwamba anatafuta vilevile. Baba nyuma yake kasimama na sanduku. Mwalimu akaacha mbegu. Kile nilichokiogopa siku zote kilikuwa kimefika, nacho kilikuwa kimya.

Kisha Mama akatazama chini, akaona njia imelowa, akaona vidole vyangu.

"Nani kakwambia usimame peku kwenye maji ya baridi?" akasema. "Unataka homa? Viatu vyako viko wapi?"

Nikaijua sauti. Haikuwa na mwangwi, ilikuja mara moja tu, na ilipokuja ikaileta sura yote: kitana kwenye meno, kidevu, lile jicho la kushoto linalofinyika anapogomba. Ni yeye. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angesafiri umbali ule, akafika baada ya muda ule, akaanza na viatu. Nikaangusha mpini. Yeye akaja juu ya maneno yangu yote, akiyakanyaga moja baada ya moja, na kilichofuata hakielezeki, tulishikana tu, koti la Baba likanifunika kichwa.

Mlango, nikukumbushe, nilikuwa sijaufungua. Bibi aligonga kutoka ndani. "We mlango," akasema, "fanya kazi yako." Nikapenya ndani, nikaurudisha, kisha nikaufungua kutoka ndani. Mama akaingia na nyayo za maji, zikapita juu ya zulia la Bibi, zikapanda ngazi mpaka kwenye kitanda chenye mito miwili. Bibi, adui wa miguu iliyolowa, aliziangalia zile nyayo akarudi jikoni, na hakuzifuta.

Ile nyumba siku hizi wanakaa wengine, Mama alihamia mtaa wa jirani. Nilipita mwaka huu nikakuta mawe ya mbele yameng'olewa, pamemwagwa lami, pamesimama gari. Bibi tulimzika huku huku, siku ya mvua. Kabla ya hapo Mwalimu alihamia mji mwingine na mwanawe alipopata kazi mpya. Alimwachia Bibi sahani yake moja ya maandazi na Bibi akamwachia kawa, na hapo ndipo mwisho wa kurudishiana. Hata kungoja kwenyewe kumebadilika. Binti yangu akimtaka baba yake aliyesafiri humwona usoni kwenye simu, na ndege yake huitazama ikitambaa juu ya ramani. Sisemi ni vibaya. Mimi ningetoa gauni langu la Idi kwa simu ile. Lakini naona hakuna anayenyoosha shingo tena, na wale waliotufundisha namna ya kuketi ndani ya muda mrefu wamekwenda na ndoo zao. Kichina sikijui. Siwezi kukuambia habari za asubuhi kwa lugha ile. Ninayo maneno machache ya kungoja, na mengi yamekauka.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemfikisha binti yangu kwenye siku ya gari na gauni la Idi, basi likatokea. Milango ikafunguka, wakashuka watu, na nyuma yao, na mfuko wa mboga mkono mmoja, Mama. Sasa ni mzito kidogo, anashuka kwa kuhesabu. Mguu wake ukatua katikati ya zile alama nne chini ya paa la kituo, ambazo zilikuwa bado bichi. Hajawahi kujua ile njia ya Erdington ilikuwa imeandikwa nini. Sikuwahi kumwambia, na yeye alidhani nilikuwa naosha mawe.

Akatazama chini. Akatazama viatu vya binti yangu, ambavyo kwa kuchezea dimbwi vilikuwa vimelowa chapa.

"Na huyu mtoto," akasema, "nani kamwacha asimame kwenye maji?"

Binti yangu akanigeukia haraka, macho yamemtoka, asijue kosa lake ni nini. Sehemu ile ya hadithi nilikuwa bado sijaifikia. Nikamshika mkono, nikampokea Mama mfuko wake, tukaanza kutembea kuelekea nyumbani, na yeye njia nzima akigomba.